Kigari Safi cha Paskalina

Siku mliponiaga kituoni nilipostaafu mlinipa doti mbili za kanga, saa ya ukutani na daftari hili. Mkaniambia, "Mama, tuandikie kumbukumbu zako, maneno ya kututia moyo." Kanga nimevaa. Saa inakimbia dakika kumi kila siku, nitaifungua niione ina nini. Daftari ndilo hili, na moyo mtajitia wenyewe, maana nimeandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza ili mtu anywe chai yake kwa raha.

Mishahara na vyeo naviruka. Cheo changu cha mwisho mnakijua, na mkifika katikati ya daftari mtajua kwa nini hakikupanda.

Niliingia kituoni miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na mitumba ikaanza kumwagwa chini kwenye kila mnada. Kituo chetu cha watoto wenye ulemavu, hapo Mbulu, kilimani njia ya Dongobesh, kilikuwa na vyumba vitatu na bomba moja. Niliajiriwa kufagia. Wiki hiyo hiyo lori likashusha vigari vya watoto vya mtumba, vile vya kusukuma mtoto katika miji ya Ulaya, vimefungwa kwa kamba vitano vitano. Nikaambiwa, "Wewe, acha ufagio, osha hivyo." Nikaviosha. Nilichukua ndoo na sabuni ya unga, nikamwagia, nikasugua, nikasuuza, nikavianika vyote juani kwenye majani, halafu nikasimama pembeni kujisifu. Baada ya wiki mbili nusu ya magurudumu yalikuwa yanalia, na viti vyekundu vilikuwa vimepauka vibaya.

Aliyenikata kiburi hicho ni Mzee Bura. Alikuwa fundi baiskeli sokoni Katesh kwa miaka mingi kabla kituo hakijamchukua, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka na chuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akainua kigari kimoja, akakipindua miguu juu, akazungusha gurudumu na kuweka sikio.

"Nani ameosha hiki?"

"Mimi, mzee."

"Hujaosha. Umezamisha. Kesho njoo na mswaki wako wa zamani, na hiyo ndoo uiache huko huko."

Karibu yote aliyonifundisha yalikuwa ya kujizuia. Usimwage maji. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha kwa fremu, na penye kutu sugua kwa stilwaya halafu pakaza mafuta siku hiyo hiyo, si kesho. Gurudumu litoe kwenye ekseli, chomoa nywele na nyuzi zilizojisokota humo, futa grisi ya zamani mpaka chuma kionekane, ndipo utie mpya kiasi cha punje ya hindi. Maungio ya kukunjia yanataka tone moja la mafuta ya cherehani, na tone hilo tulilidondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mikanda fua kwa mche wa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha kivulini, kwa sababu jua la huku kwetu linadanganya kwa ubaridi wake lakini linakula nailoni mpaka inakatika mkononi. Uchafu wenyewe uko chini ya kiti: uji ulioganda, maziwa yaliyochacha, mkojo. Dawa ya madoa marufuku, maana mtoto mwenye mtindio wa ubongo analaza shavu kwenye kitambaa hicho kutwa nzima na anakilamba. Breki unaijaribu kwenye mteremko, na ndani ya kigari unaweka mfuko wa mahindi, huweki mtoto wa mtu. Nimewaona ninyi mkijaribu breki kwenye sakafu ya ofisi, mkaweka alama ya vema. Sakafu ya ofisi haina mteremko, watoto wangu. Mbulu nzima ina mteremko.

Vile vigurudumu vya Ulaya vilikuwa vidogo, vya plastiki, vya kupita dukani. Barabara zetu zilivimaliza kwa msimu mmoja wa mvua. Mzee Bura akakata fremu, akachomelea uma wa baiskeli, akafunga magurudumu ya baiskeli za watoto, na kigari kikaanza kupanda vilima. Beringi tulinunua Katesh kwa Mama Zuhura, ambaye ukoo wao umekuwa na duka la spea pale tangu sijazaliwa. Alituruhusu kuzungusha kila beringi sikioni kabla ya kuichukua, na kila mara alitucheka: "Nyie mnanunua beringi au mnanunua redio?"

Mzee Bura alipoanza kupoteza macho akarudi kwao, na mimi mfagiaji nikawa fundi. Spana zake alinikabidhi zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa kisafi kuliko shuka zangu.

Sasa mambo ya kukasirisha. Mama mmoja alileta kigari mikanda imetafunwa yote. Nikauliza, kumbe aliona nailoni imekakamaa, akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo, kama tunavyolainisha ngozi nyumbani, na panya wa nyumba nzima wakafanya sherehe. Huyo nilimsamehe, alikuwa ametumia akili aliyonayo. Lakini mwingine alileta kigari kimejaa vumbi la mkaa mpaka kwenye mishono. Mwingine alikipeleka mashineni na gunia la mahindi kila wiki hadi fremu ikapinda, mtoto mwenyewe akiwa mgongoni kwake. Na baba mmoja alikuja na kiti kitupu. Magurudumu alikuwa ameyafunga kwenye toroli la maji. Nilipomuuliza mtoto anatembelea nini, akanijibu, "Si anakaa tu?"

Damu ilinichemka. Siku hiyo hiyo nilichukua karatasi ya manila na kalamu nene nikaandika kwa mkono wangu: KIGARI KICHAFU HAKIRUDI NYUMBANI. Nikaibandika juu ya mlango wa karakana. Kila miezi mitatu mama analeta mtoto kwenye kliniki, mimi nakagua kigari, naandika kwenye kitabu "safi" au "kichafu". Kikiwa kichafu, kinabaki, kinapewa mwingine aliye kwenye foleni. Hakuna mtu aliyeniagiza. Ni mimi, kwa hasira yangu, na niliiona ni hasira ya haki.

Na ikafanya kazi, hilo ndilo baya. Vigari vikaanza kuja vinang'aa. Mkoa ulipokatwa kutoka Arusha tukawa Manyara, wageni wa kuja kutuona wakaongezeka, na mkuu mpya wa kituo akaipenda karatasi yangu kuliko alivyowapenda watoto. Aliwapitisha wageni moja kwa moja karakana. "Wazazi wetu wana nidhamu ya vifaa," alisema, na wageni wakapiga picha magurudumu.

Wakati huo ndipo alipokuja Mama Paskalina kutoka kijiji cha Dirma. Mwanamke kijana, mrefu, sauti ya chini, binti yake wa miaka minne mgongoni. Paskalina alikuwa na mtindio wa ubongo. Shingo ilikuwa legelege lakini mgongo ulikuwa na nguvu kidogo, na ukimshika nyonga alikaa na kucheka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia waziwazi: huyu akikaa vizuri kila siku, mgongo utashika, ataweza kula mwenyewe. Akilala chini, atapinda. Nilimtengenezea kigari kwa siku tatu, kiti kipya, matairi mapya kutoka kwa Mama Zuhura, meza ndogo ya mbao mbele. Nilipomkabidhi mama yake nilimwonyesha karatasi ukutani, nikamsomea kwa sauti kwa kuwa sikujua kama anasoma. "Unaelewa? Kitunze."

"Nimeelewa, mama. Nitakitunza."

Kliniki ya kwanza alikuja na kigari kimefungwa kwenye kanga juu ya keria ya basi, mtoto mgongoni. Kilikuwa safi kama kilivyotoka. Nikaandika "safi". Kliniki ya pili, safi. Ya tatu, safi, na nikamsimamisha mbele ya kina mama wengine wote nikasema, "Mnamwona huyu? Hivi ndivyo mtu mwenye akili anavyotunza kitu." Wakampigia makofi. Yeye akainamisha kichwa. Siku hiyo hiyo mtaalamu wa mazoezi alimpima Paskalina, akakuta nyonga zimeanza kukaza na mgongo unavuta upande wa kulia. Akamgombeza mama kwamba hafanyi mazoezi. Mama akamfunga mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa chumba cha pili nafuta mikono, nilisikia yote, sikujiuliza lolote.

Kliniki ya nne ndipo nilipoyaona matairi. Tairi jipya lina vinyweleo vya mpira, vile vidogo vinavyobaki kiwandani. Ukitembeza siku mbili kwenye changarawe vinakatika. Haya yalikuwa na vinyweleo vyote. Mwaka mzima. Vidole vyangu vilivigusa, kalamu ikiwa mkono wa pili, na neno "safi" nilikuwa nimeshaliandika.

"Mama Paskalina, mtoto anakaa humu?"

Akaangalia karatasi juu ya mlango.

Wiki iliyofuata niliomba nafasi kwenye gari la chanjo lililokuwa linashuka Dirma. Nilimkuta Paskalina mlangoni, amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, ubavu wa kulia, nzi usoni. Ilikuwa Jumamosi, siku ya usafi. Mama yake alikuwa uani amekipindua kigari miguu juu, anapiga mswaki spoku moja moja, jinsi nilivyomfundisha, bila kumwaga maji. Gurudumu likizunguka, mtoto alicheka. Alikuwa anaangalia. Ndiyo ilikuwa michezo yake.

Aliponiona alisimama, akafuta mikono. "Shikamoo mama. Karibu. Hakijachafuka."

"Marahaba. Kinakaa wapi siku nyingine?"

Akanionyesha ndani. Kigingi ukutani, juu, mbali na ndama, na mifuko ya mbolea aliyoifua ya kukifunikia.

"Kwa nini hakai humu?" Nilikuwa nimeshaanza kupaza sauti.

"Akikaa anakojoa, mama. Anamwaga uji. Na hapa nje ni matope na samadi. Nikasema kikichafuka utakichukua, halafu akiwa mkubwa, akiwa ameacha kukojoa, atakosa."

"Nani amekwambia ataacha?"

Akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya kwao: "Mama, sisi hapa tuna ng'ombe wa kufugishwa. Ng'ombe si wako, ni wa mtu, umepewa umtunze. Siku mwenyewe akija akimkuta amekonda, anamswaga anaondoka naye, na jina lako linaharibika. Mimi nikasema hiki kigari kisikonde."

Najua desturi hiyo. Baba yangu alifuga ng'ombe wa watu maisha yake yote. Kwa hiyo nikamjibu kwa ukali, nikidhani nimemshinda: "Lakini ng'ombe wa kufugishwa si unakamua? Maziwa si ya watoto wako?"

"Ndiyo. Unakamua kwa sababu mwenyewe amekwambia ukamue." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ulisema nitunze. Kukamua hukusema."

Nilikaa chini pale pale uani. Nilitaka kumkasirikia yeye, nikashindwa. Nilitaka kumkasirikia mkuu wa kituo, hakuwepo. Tukamwinua Paskalina tukamweka kwenye kiti nilichompima mimi mwenyewe, na hakikumpokea tena. Nyonga ya kulia ilikataa kukunjika, mwili ukaanguka upande, akalia kilio kile cha kukauka sauti. Mwaka mmoja. Ule mgongo ulikuwa na nguvu wakati nilipomshika. Nilivuta meza ya mbao nikaing'oa kwa mikono, na siku ile nililia mbele ya watu wa Dirma bila aibu yoyote.

Nilirudi na vipimo vipya. Nilikata sponji ya godoro, nikatengeneza mito ya kabari, mmoja wa ubavuni na mmoja wa chini ya paja, nikahamisha mkanda. Nikampelekea mwenyewe. Nikamwambia mama yake kwa maneno ambayo nilipaswa kuyasema mwaka uliopita: "Akojolee humu. Ale humu. Mpeleke kanisani, mpeleke mnadani, mpitishe kwenye matope. Nikikiona safi nitakugombeza mpaka majirani wasikie."

Kliniki iliyofuata alikuja akisukuma. Alishuka kwenye basi, akamweka mtoto ndani, akapanda kilima chote kwa miguu. Spoku zilijaa samadi, mkanda ulikuwa na uji wa siku tatu, tairi la kushoto limepata kiraka. Paskalina ndani, ameegemea kabari, shingo juu, anaangalia watu. Sijawahi kuona kigari kizuri kama kile.

Na siku hiyo kulikuwa na wageni. Mkuu akatoka ofisini, akakiona kwenye foleni, akaja mbio.

"Mama, hiki ni nini? Hiki hakirudi. Si sheria yako hii?"

"Ni yangu. Nimeifuta."

"Huwezi kufuta sheria ya kituo wageni wakiwa getini. Mtoto abebwe, kigari kiingie stoo. Atapewa kingine siku nyingine."

"Atapewa lini? Na kipi kina kabari zake?"

"Usinibishie mbele ya wazazi."

Mama Paskalina alikuwa ameshaanza kumfungua mtoto mikanda. Alifungua kwa sababu ng'ombe amekutwa amekonda na mwenyewe amekuja. Hapo nikaacha kubishana. Nilipanda kwenye benchi, nikachana ile karatasi ya manila vipande vinne. Nikafunga mikanda ya mtoto upya. Nikashika mpini mwenyewe nikamsukuma Paskalina kupitia korido, ile sakafu nyekundu iliyopigwa nta tangu alfajiri kwa ajili ya wageni, na nyuma yetu ikabaki mistari miwili ya matope mpaka chumba cha mazoezi. Mama yake aliinama na upande wa kanga kutaka kufuta. Nikamshika mkono. Wageni walisogea ukutani kutupisha, mmoja wao akamsalimia mtoto.

Nilipata barua ya onyo. Hiyo ndiyo habari ya cheo, na sasa vyeo naviruka kweli. Kigari kilirudi Dirma. Lakini mkuu hakushindwa. Baada ya wiki moja alibandika tangazo jipya, lililochapwa kwa kompyuta na kufunikwa plastiki, maneno yale yale niliyoandika mimi, bila kupunguza hata moja. Mimi niliendelea kuandika "kimetumika" au "hakijatumika" kwenye kitabu changu, kimyakimya, na kila mama niliyemkabidhi kigari nilimwambia akamue. Lakini tangazo sikuling'oa tena. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na nililiogopa onyo la pili. Hiyo nayo iandikwe.

Mkuu yule alihama zamani. Tangazo lipo. Mnapita chini yake kila asubuhi, ninyi mnaoniita mama, mnaojua kutumia simu kuliko spana. Na kitabu mmekirudisha kuwa "safi" na "kichafu", nimekiona wiki yangu ya mwisho. Nilipowauliza mkasema ni rahisi kujaza. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile. Ni rahisi, ndiyo. Mimi nilijaza mara nne kwa mtoto mmoja, na kila mara ilinichukua muda wa kupiga chafya.

Mkitaka ushauri wa kazi, huu hapa: kabla hujagusa gurudumu, mweke mtoto kitini uone kama kinamjua. Angalia makalio yake, angalia nyonga, angalia kama mkanda umeacha alama kwenye nguo. Ukikuta kiti hakina hata doa la uji, weka spana chini uulize kwa upole, maana mama huyo anakuogopa. Kusafisha nitawafundisha hata nikiwa nimestaafu, njooni nyumbani na miswaki yenu. Lakini hilo tangazo ling'oeni ninyi.

Mwezi uliopita nilishuka Dirma, sasa kwa nauli yangu, kumwona Paskalina. Ni mwanamke mzima. Anasema maneno machache, anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, na mwili wake umebaki umepinda upande wa kulia, haukurudi. Kigari anachokalia sasa ni cha tatu tangu nimjue akiwa mtoto, nacho nilikitengeneza mimi. Nilikuwa nimempigia mama yake simu tangu asubuhi kusema naja. Nilipoingia uani nilimkuta Paskalina ameshushwa chini, kwenye ngozi, ubavu wa kulia. Mama yake, nywele zimeshakuwa nyeupe, alikuwa anakuja kunipokea, mikono imelowa, uso una hofu ile ile.

"Shikamoo mama. Samahani, subiri kidogo," akasema. "Kigari kinakauka."